Kilti Mtaani: Ya Kufanya na ya Kuacha

Maagizo haya ni ya mwanamume anayetaka kuvaa kilti, lile vazi la Kiskoti lenye marinda, siku ya kawaida, mahali ambapo hatakutana na mwingine aliyeivaa. Jumamosi sokoni Leicester. Kituo cha basi Toronto. Au Glasgow kwenyewe, maana asikudanganye mtu: Uskoti ya leo ni nchi ya suruali. Kilti hutolewa kabatini kwa harusi, kwa mahafali, kwa mechi ya timu ya taifa na kwa usiku wa kumkumbuka mshairi Robert Burns tarehe 25 Januari, kisha hurudishwa. Anayeivaa Jumanne kwenda kununua maziwa atatazamwa hata huko.

Aliyekodi vazi zima kwa ajili ya harusi hahusiki hapa. Yeye kavalishwa dukani, kazungukwa na wenzake waliovaa vilevile, na akikosea atapotelea katikati ya kundi. Wewe utakuwa peke yako, na aliye peke yake hukaguliwa kuanzia utosi hadi kisigino. Kwa hiyo sitakubembeleza.

Lijue kwanza hili, mengine yanatoka hapa: kilti ni nguo. Wanaoiharibu ni wa aina mbili, yule anayeivaa kama yuko jukwaani na yule anayeivaa huku uso wake unaomba radhi. Wote wawili wanawaita watu waje kutazama.

Marinda nyuma

Marinda hukaa nyuma, sehemu bapa hukaa mbele, na ukingo wenye matamvua hukaa kuliani kwako. Hakuna mjadala. Ukiyaona marinda mbele kwenye kioo, vua uanze upya.

Kiuno cha kilti si kiuno cha suruali. Jinzi zimetuzoesha kufungia nguo nyongani. Kilti hufungwa juu, usawa wa kitovu, na ukingo wake wa chini hukoma katikati ya goti au juu yake kidogo. Ukiifunga nyongani inashuka mpaka kwenye ugoko, marinda yanapoteza mkao, nawe unafanana na mtu aliyeazima. Kipimo ni cha zamani na hakihitaji fundi: piga magoti sakafuni, mgongo wima. Kitambaa kiache nafasi ndogo tu juu ya sakafu. Kikilala sakafuni, ni ndefu. Kikiacha nafasi ya kiganja kizima, ni fupi, na upepo utakuumbua.

Usiikate wala usiipige pindo. Kilti nzuri ya sufu haina pindo chini. Ukingo wake ni ule uliofumwa pamoja na kitambaa chenyewe, ndiyo maana marinda huanguka sawasawa. Fundi wa mtaani akipitisha mkasi hapo, nguo imekwisha. Kama ni ndefu mno, rudisha dukani.

Ile pini kubwa ya upande wa kulia hupita kwenye kitambaa cha juu peke yake. Ikishika na cha chini, siku utakayokaa kwa haraka utasikia sufu inachanika.

Nunua uzito kabla ya rangi

Maduka ya watalii ya Royal Mile, Edinburgh, yanauza kilti nyepesi zenye mistari ya kupendeza na bei ya kuchekesha. Ziache. Kitambaa chepesi hakina adabu, kila upepo kinaupokea kwa mikono miwili. Kilti ya kweli ni ya sufu. Kwa desturi huchukua yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7, sehemu kubwa ikiwa imefichwa ndani ya marinda, na ile ya sufu nzito ina zaidi ya kilo moja na nusu. Uzito huo ndio mlinzi wako. Fundi anayeishona kwa mkono atakutoza mamia ya pauni, na hakuonei, maana kazi hiyo ni ya siku nyingi. Usipomudu, usikimbilie poliesta; tafuta iliyokwishavaliwa kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, au chukua ya yadi 5, ambayo ni ya matembezi na haikutoi jasho jingi wakati wa joto.

Zipo pia za kitambaa cha kazi zenye mifuko pembeni, zilizoanza kuuzwa Seattle, Marekani, mwaka 2000. Kwa fundi seremala zinafaa sana. Usimwambie tu mzee wa Kiskoti kwamba ni kitu kilekile.

Punguza, kisha punguza tena

Hapa ndipo wanaume wengi wanapoangamia. Mtu ananunua kilti, muuzaji anamwonyesha vikorombwezo vinavyoendana nayo, naye anatoka dukani kama mlinzi wa lango la kasri.

Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, ziara iliyopangwa na mwandishi Walter Scott. Alijitokeza na kilti iliyopanda juu ya magoti, soksi ndefu za rangi ya waridi mpaka juu, silaha zenye vito, na gharama ya vazi zima ilipita pauni 1,300 za wakati ule. Wachora katuni walimrarua. David Wilkie, aliyemchora baadaye, alimstiri kwa kuirefusha kilti na kuziacha kando zile soksi. Wewe huna Wilkie wa kukustiri. Una watu wenye simu za kamera kwenye basi.

Kwa siku ya kawaida unahitaji kilti, mkanda wa ngozi, mfuko wa mbele uitwao sporani, wa ngozi isiyo na mapambo, soksi nene, viatu vizima na sweta au shati la rangi moja. Basi. Koti fupi jeusi lenye vifungo vya fedha ni la usiku wa karamu. Sporani ya manyoya ni ya karamu. Viatu vya kamba zinazojisokota kupanda ugokoni ni vya karamu. Shati pana lenye kamba kifuani ni la watu wanaoigiza filamu. Kofia ya unyoya, sitaki hata kuisikia. Mkanda na kizibao havivaliwi pamoja, chagua kimoja. Tartani, yaani ile mistari ya kitambaa cha kilti, iwe moja tu mwilini. Tai ya tartani juu ya kilti ya tartani ni kelele. Buti za kupandia milima zinakubalika kabisa, na soksi zake zikikunjwa chini ya goti au zikiachwa zishuke zenyewe, hakuna atakayekulaumu.

Sporani si pambo. Kilti haina mifuko, kwa hiyo huo ndio mfuko wako. Ikae mbele katikati, vidole vitatu au vinne chini ya mkanda, na usiijaze. Simu, funguo, kadi. Ukitia na sarafu za mwezi mzima itakupiga kwa kila hatua, na mahali itakapokupiga unapajua.

Kisu kibaki nyumbani

Vazi kamili lina kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi. Kiache. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza inatambua kisu kilicho sehemu ya vazi la taifa kuwa ni utetezi. Lakini utetezi hutolewa mbele ya hakimu, maana yake umeshakamatwa, umeshapekuliwa na umeshalala ndani. Mwanamume mweusi mwenye kisu kwenye soksi, saa nne usiku, katika mji ambao polisi wake hawajaona kilti tangu harusi ya binamu yao, asitegemee mhadhara kuhusu mila. Uwanja wa ndege ni vivyo hivyo: kisu hakiingii na abiria ndani ya ndege, uwe umevaa nini.

Usidanganye kuhusu tartani

Watakuuliza: hii ni ya ukoo gani? Usibuni babu. Waswahili wengine wakishafika ugenini huanza kuvumbua nasaba, na nasaba ya uongo hujulikana kwa swali la pili.

Hakuna askari wa tartani. Sheria haikukatazi kuvaa mistari ya ukoo usio wako. Ni adabu tu inayokutaka uifahamu na usijidai. Iliyo na mpaka wa kweli ni ile ya Balmoral, ya familia ya kifalme, hiyo iache. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuwa na rejista ya tartani mwaka 2008, rejista ikafunguliwa 2009, na humo mna maelfu ya mifumo: ya koo, ya wilaya, ya majeshi, ya makampuni. Imo ya Wayahudi ya mwaka 2008. Imo ya Waislamu wa Uskoti ya mwaka 2012. Kwa hiyo anayekuambia kwamba tartani ni ya damu pekee amechelewa kusoma habari.

Chaguo salama ni Black Watch, ile ya kijani kibichi na buluu iliyokolea, ambayo asili yake ni kikosi cha jeshi na huvaliwa na kila mtu. Nyingine ni tartani ya wilaya unayoishi, au kitambaa cha rangi moja kisicho na mistari kabisa. Kama mkeo ni wa ukoo fulani na wakwe wamekukaribisha kuivaa, vaa, na ukiulizwa jibu, "Ni ya wakwe zangu." Jibu hilo lina heshima pande zote mbili na halihitaji nyongeza.

Ila usije ukaivaa kama nguo ya kuchekesha. Baada ya uasi wa nyanda za juu kuzimwa kwenye vita vya Culloden, sheria ya mwaka 1746 iliwapiga marufuku wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya nyanda za juu, wanajeshi wa mfalme wakiachwa. Aliyekamatwa alifungwa miezi 6. Aliyerudia alisafirishwa ng'ambo miaka 7. Marufuku ile ilidumu mpaka 1782, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuwa baba bila kumwona babake katika nguo ya babu yake. Sisi ambao wazee wetu walikatazwa nguo zao shuleni na misheni hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Sasa wewe uivae na lile wigi jekundu la nailoni lililoshonewa kwenye kofia, uende nayo kwenye sherehe ya kazini? Thubutu.

Vaa kitu ndani

Ndiyo, najua kuna mzaha wa kwamba Mskoti wa kweli havai kitu. Mzaha uachie wenyewe. Mwaka 2010 aliyekuwa mkurugenzi wa Scottish Tartans Authority, chombo kinachojishughulisha na tartani, aliwaambia Waskoti hadharani kwamba jambo hilo ni la kitoto na si la usafi. Wengi walimkasirikia. Alikuwa sahihi. Wewe unakwenda kukaa kwenye kiti cha basi ambacho baada yako atakalia mtoto, na unavaa sufu inayowasha. Vaa bukta, ya rangi nyeusi au iliyokolea.

Swali lenyewe litakuja, uvae usivae. Litaulizwa na mtu usiyemjua, mara nyingi akiwa na glasi mkononi, na atadhani yeye ni wa kwanza kulifikiria duniani. Usikasirike. Usitoe hotuba. Wala usijibu kwa jambo la matusi ukidhani unaonyesha uchangamfu, maana umemfungulia mlango na maswali yatakayofuata yatakuwa mabaya zaidi. Jibu kavu, "Soksi na viatu," halafu geukia mambo mengine. Akiuliza tena, mwangalie kimya mpaka ajisikie. Kimya cha mtu mzima kina kazi yake.

Anayekufunua amekosa

Hili nalisema polepole. Kuna watu, wanaume kwa wanawake, ambao wakimwona mwanamume amevaa kilti huona mkono wao una ruhusa. Wanashika ukingo na kuinua, wenzao wanacheka, mmoja anapiga picha. Wahudumu wa baa na wapiga zumari za Kiskoti wanayajua haya kwa uchungu.

Usicheke nao. Hilo ndilo kosa kubwa la wanaume: mtu amefunuliwa mbele ya watu, amevunjiwa heshima, naye anacheka kwa kuogopa kuitwa mnyonge. Shika mkono wake uutoe, sema kwa sauti inayosikika na meza ya jirani, "Usiniguse." Hakuna haja ya kupayuka. Mwenye baa akisema ni utani tu, lipa ulichokunywa uondoke, na usirudi. England na Wales wana sheria ya mwaka 2019 inayomwadhibu anayepenyeza kamera chini ya nguo ya mtu ili kujiburudisha au kumdhalilisha, na haiulizi kama aliyevaa ni mume au mke. Uskoti waliwatangulia. Kwetu, mtu akikufunua nguo hadharani unajua ameanzisha ugomvi. Usiisahau akili hiyo kwa sababu umevuka bahari.

Na wewe mwenyewe usijifunue. Si kwa picha, si kwa dau, si kwa sababu timu imefunga bao.

Kaa kama aliyefunzwa

Wanaume wa Lamu, Mombasa na Unguja wana bahati hapa, kwa kuwa wamelelewa na kikoi na msuli. Wanajua kwamba nguo isiyo na miguu ina sheria zake: hukai umetanua, huinami kiholela, huruki mtaro. Aliyekulia ndani ya kaptura na suruali ajifunze.

Kabla ya kukaa, pitisha kiganja nyuma, kuanzia kiunoni kushuka, uyalaze marinda yote upande mmoja, kisha ukae juu yake. Usipofanya hivyo utayakalia yamejikunja, ukiinuka nyuma yako itakuwa kama kitanda kisichotandikwa, na ngozi ya paja imekutana na plastiki ya kiti. Ukishakaa, acha sporani ianguke katikati ikalaze kitambaa baina ya mapaja, magoti yakaribiane. Mbele ya kochi fupi lililobonyea simama na ufikiri. Kochi la namna hiyo huinua magoti juu ya kiuno, na anayekaa kinyume chako hakuja kuona hayo. Omba kiti cha kawaida.

Kushuka kwenye gari, zungusha miguu yote miwili pamoja. Kuokota kitu, chuchumaa, usiiname. Kwenye ngazi za vioo za maduka makubwa, tembea upande wa ukutani. Baiskeli, sahau. Siku ya dhoruba vaa ile nzito au vaa suruali. Mbavu za marinda zikishapata upepo wa chini ya daraja la reli, hakuna mikono miwili inayotosha.

Chooni: kwa kusimama, sogeza sporani pembeni kwanza, halafu inua sehemu ya mbele. Kwa kukaa au kuchuchumaa, yakusanye marinda yote uyalete mbele na kuyakumbatia, usiache hata moja nyuma. Fanya mazoezi kwako kabla ya kwenda kwa watu.

Swali la unatoka wapi

Mweusi aliyevaa kilti huulizwa maswali mawili kwa pamoja: kwa nini umevaa hiyo, na wewe ni wa wapi. La pili limejificha ndani ya la kwanza. Wengine huuliza kwa furaha tupu, hasa wazee wa Kiskoti wanaoishi mbali na kwao, ambao watakusimamisha njiani wakusimulie kijiji cha bibi zao. Wape dakika zao. Ni kodi ya vazi, na si kodi mbaya.

Wengine huuliza kwa kukupima, kana kwamba umeingia chumba kisicho chako. Huyo usimpe historia ya maisha yako. Usitoe kitambulisho, usitaje miaka uliyokaa, usimhesabie watoto uliowazaa huko. "Naipenda, inanikaa vizuri," inatosha. Mtu hatakiwi kuwa na hoja ndiyo avae nguo. Mwenye suruali ya jinzi haulizwi uhusiano wake na wachimba dhahabu wa California.

Usijaribu pia kuwa Mskoti kuliko Waskoti. Usiwasahihishe kuhusu koo zao, wala usiwaambie kwamba tartani zao ni za tangu enzi na enzi, kwani nyingi ya zile za koo zilipata majina yake karne ya 19. Lafudhi yao usiiige. Samuel L. Jackson alivaa kilti filamu nzima katika The 51st State ya mwaka 2001 na akaendelea kusema Kimarekani chake. Fuata mfano huo, matusi yake uyaache.

Usibishane kuhusu sketi

Atatokea wa kusema, "Umevaa sketi." Wavaaji wengi hapo hupandisha mori: si sketi, ni vazi la mashujaa, ni la vita! Huo ni uoga uliovaa ngao. Anayedhani neno sketi ni tusi ametukana wanawake kabla hajajitetea. Mpwani hapaswi hata kusikia uchungu. Amewaona baba zake wakitoka asubuhi na kikoi kwenda kununua mkate wa mofa, na hakuna aliyehesabu uanaume wao. Jibu, "Ndiyo, na ina marinda," kisha ununue ulichofuata.

Sala, msiba na ukweni

Muislamu asisali na kilti peke yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti, na kilti inayokoma gotini ukiwa umesimama haitabaki hapo ukirukuu na kusujudu. Beba kikoi kwenye begi, kifunge juu yake au badala yake. Usiwaachie walio safu ya nyuma mtihani.

Msibani usiende nayo, isipokuwa wafiwa ni Waskoti na wanaitarajia. Siku ya msiba watu wawe na jambo moja tu la kutazama.

Ukweni, ziara ya kwanza, vaa suruali. Hata ya pili. Mama mkwe aliyekaa chumba kimoja na magoti yako hatakumbuka neno lolote ulilosema.

Ukirudi nyumbani

Nairobi ina Waskoti wake wa miaka mingi, na Kanisa la St Andrew's lilianza kama kanisa lao. Huko kilti siku ya harusi haimshangazi mtu. Maskati, Oman, ambako bendi za jeshi hupiga zumari za Kiskoti, sauti ile si ngeni masikioni mwa Waswahili wa huko, ila goti la mwanamume hadharani ni habari nyingine. Sokoni Kariakoo au Kongowea usijaribu peke yako kwa majaribio. Si kwamba utadhuriwa. Ni kwamba hutanunua kitu, maana utakuwa wewe ndiye bidhaa. Na sufu ya yadi 8 katika joto la Februari Dar es Salaam ni adhabu ambayo hata ile sheria ya 1746 haikuifikiria. Ukitaka upepo miguuni ukiwa nyumbani, nguo yake ipo, ilikuwepo kabla hujazaliwa, na inauzwa kila duka la Biashara Street, Mombasa.

Rudi palepale

Usitoke mara ya kwanza na marafiki watano mliovaa sare. Mtaonekana kundi la kumuaga kapera, mtatendewa kama walevi kabla ya kunywa. Toka peke yako, au na mkeo, saa za mchana, uende duka ambalo tayari wanakujua. Wiki ijayo rudi dukani hapohapo na kilti ileile. Mwenye duka atauliza siku ya kwanza, atatabasamu ya pili, na ya tatu atakuambia mayai yamepanda bei. Hapo umefika. Anayeivaa mara moja kwa mwaka katika mtaa kama huo ataulizwa upya kila mwaka, na ni haki yake.

Usijipige picha kila kona. Ukiona unataka kuivaa ili mtu aione, siku hiyo vaa kitu kingine.

Itunze

Itundike kwa vibanio kiunoni, isikunjwe kwenye droo. Baada ya kuvaa iache ipate hewa usiku mzima kabla ya kurudi kabatini, na kabati liwe na dawa ya nondo, kwani sufu nzuri ndiyo karamu yao. Doa dogo lipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi. Pasi isiguse sufu moja kwa moja; weka kitambaa chenye unyevu juu yake, na uyashikize marinda kwa uzi kwanza. Safarini ilaze, yapange marinda, izungushe kama mkeka, kisha uitie ndani ya mguu wa soksi ndefu za kike zilizochakaa. Itafika kama ilivyoondoka.

Kuosha ni kwa wale wanaosafisha nguo kwa dawa bila maji, na si wote wanaoijua. Muulize dobi kwanza atayashonaje marinda kabla ya kuisafisha. Akikuambia anaitia tu kwenye mashine na nguo nyingine, ichukue kaunta uondoke nayo.